Breki za Kurudisha Petroli

Kuna kipindi katika maisha yangu, tena si enzi za mababu, ni juzijuzi tu, ambapo niliamini kwa moyo wangu wote kwamba ukikanyaga breki, petroli inarudi kwenye tangi. Chekeni kwanza mmalize, mimi nitasubiri. Mkimaliza nitawaeleza jinsi imani hiyo ilivyomtoa mama mkwe wangu kwenye kiti cha nyuma na kumleta shingoni mwangu, mchana kweupe, mbele ya kwaya nzima ya kanisa, na kama kuna aibu kubwa kuliko hiyo kati ya Busia na Tororo basi mwenye nayo ameificha vizuri.

Aliyeniuzia hiyo imani ni jamaa mmoja wa Busia, upande wetu wa Kenya, anayeuza spea za magari na kuzifunga mwenyewe palepale kwenye vumbi, tukimwita Injinia kwa sababu ovaroli yake ilikuwa na mifuko mingi kuliko ya mtu mwingine yeyote mjini. Mimi nilikuwa na kigari changu kidogo cha milango mitano, kifupi nyuma kama kuku aliyenyofolewa mkia, lakini kina tabo, ile ya kuisukumia injini hewa, na nikikikanyaga pale mpakani, matrela yaliyopanga foleni kutoka Malaba yalikuwa yanatetemeka (sawa, trela moja, na huenda dereva alikuwa anawasha injini). Injinia akaniambia, Barasa, gari lako lina mbio lakini breki zake ni za baiskeli. Akanionyesha seti aliyoitoa kwenye gari kubwa lililoanguka: kalipa nyekundu, yale makucha yanayobana diski, nene kama buti la askari, na diski mbili pana kama sinia la pilau, zimetobolewa matundu matundu. Nilizipenda kama mtu anavyopenda ng'ombe wa mwenzake.

Lakini nilikuwa bado nasitasita, ndipo aliponimaliza. Aliniuliza, gari likikimbia si linachoma petroli? Nikasema ndiyo. Akauliza, sasa ukifunga breki, ile mbio uliyoilipia petroli inaenda wapi? Akasema inarudi, bwana, ndiyo kazi ya hayo matundu, yanairudisha, na magari mapya yanayotoka Japani yote yanafanya hivyo, ndiyo maana wenye magari hayo hawaonekani kwenye vituo vya mafuta.

Sasa hapa lazima niwaambie kwamba mimi ni msomi. Sekondari niliisomea jioni, baada ya kufunga duka langu la magodoro, na fizikia niliipenda kiasi kwamba mwalimu alikuwa ananiomba niache kuuliza maswali watu walale (ilikuwa shule ya watu wazima, wengi walilala hata nisipouliza). Na katika fizikia tulifundishwa kwamba nishati haipotei, inabadilika umbo tu. Mtu ambaye hakusoma angemcheka Injinia. Mimi niliyesoma nilimwelewa.

Basi akafunga. Rimu zangu za zamani zikakataa kuingia, zinagonga kalipa, ikabidi nichukue na rimu kubwa, na gari likasimama pale kama mtoto aliyevaa viatu vya baba yake. Injinia akanipa onyo moja, nalikumbuka neno kwa neno kwa sababu nilikuja kulirudia kichwani mara nyingi sana baadaye: padi za breki ni mpya, zizoeshe kwanza, kanyaga polepole, na usikae juu ya breki mpaka zinuke. Nikasema sawa. Nikaenda kujaribu barabarani nje ya mji, macho yangu yako kwenye mshale wa petroli, nikakimbia kidogo, nikakanyaga, na jamani, mshale ukapanda. Niliuona kwa macho yangu haya mawili. Ukapanda kidogo, ukarudi. Nikarudia, ukapanda tena. Mtu akishaona kwa macho yake mwenyewe, utamwambia nini?

Sasa tuje kwa Athieno. Athieno ni mchumba wangu, ana kibanda cha chapati na maharage karibu na duka langu, kwao ni Kiyeyi, upande wa Tororo, Uganda, na ukoo wetu ulikuwa umepangiwa kupeleka ng'ombe wa mahari kwao Jumamosi. Jumapili iliyotangulia hiyo Jumamosi, mama yake alikuwa anasimikwa kuwa mwenyekiti wa akina mama wa kanisa lao, na pikapu iliyokuwa imchukue ikaenda kubeba jeneza mahali pengine. Mama ana goti bovu, bodaboda hapandi. Athieno akanipigia simu asubuhi akaniomba gari, akasisitiza kwamba anaomba gari, haniombi mimi, kwa sababu binamu yake anajua kuendesha na ndiye atakayekuja kuchukua ufunguo.

Nadhani mnajua kwa nini. Kwao Wajopadhola, kama kwetu Wasamia, mkwe na mama mkwe hawagusani. Hawapeani mkono, hawali pamoja, hawakai mkeka mmoja, na wakikutana kwenye kijia, mmoja anakata kona kwenye mihogo ya watu mpaka mwenzake apite. Kumbeba mama mkwe kwenye gari dogo, pua kwa kisogo, hata siku ya kupeleka ng'ombe haijafika, ni jambo ambalo mtu mwenye akili timamu halitafuti. Ningetoa ufunguo tu, leo nisingekuwa na cha kuwasimulia. Lakini nikamwambia Athieno, hapana, breki hizi hazishikwi na kila mtu, nakuja mwenyewe.

Nikavuka mpaka nikiwa na suti. Petroli sikuweka. Niweke ya nini, na breki ninazo?

Kiyeyi nilimkuta shangazi yake Athieno, dada wa marehemu baba yake, mama mwenye mabega mapana ambaye katika ukoo ule neno lake ndilo la mwisho, ananisubiri na kitenge mkononi. Alikuwa ameshaamua. Alikifunga kitenge kutoka kishikizo kilicho juu ya mlango wa kushoto mpaka kishikizo cha kulia, nyuma ya viti vya mbele, gari likawa na vyumba viwili. Athieno akakaa mbele na mimi. Shangazi akakaa nyuma ya kiti changu, awe ukuta. Mama akaingizwa mgongo wangu ukiwa umegeukia ng'ambo, nikasikia tu kitambaa cha gomesi yake, lile gauni la mabega yaliyochongoka na mshipi wa kufunga kiunoni, kikichakarisha, na akawekwa katikati ya kiti cha nyuma ili mabega ya gomesi yapate nafasi. Mkanda hakufunga, ungekunja lile fundo la kiunoni. Mimi kwenye kioo nikawa naona maua ya kitenge tu.

Tukaondoka vizuri. Mwamba wa Tororo unaonekana mbele, hewa safi, Athieno anatabasamu, nikasikia nyuma kule mama mkwe akimwambia shangazi jambo kwa Dhopadhola, na Athieno akaninong'oneza kwamba mama anasema gari la mkwe ni laini. Nilivimba mpaka koti likabana. Na hapo hapo, kwenye dashibodi, kikawaka kile kitaa cha rangi ya chungwa chenye picha ya pampu.

Fikirieni hali yangu. Tulipita kibanda kinachouza petroli ya chupa, na ningesimama pale mambo yangeishia hapo, lakini mkwe anayenunua petroli ya chupa huku mama mkwe yuko ndani ya gari ni mkwe gani? Watasema nilikuja kuoa na tangi tupu. Nikajipa moyo: nishati haipotei. Nikavuta mafuta, gari likaruka, nikakanyaga breki. Kitenge kikavimba mbele kama tumbo la mja mzito wa mapacha, kikarudi. Mshale ukapanda kidogo.

"Mukwe," shangazi akaita kutoka upande wa pili, "kuna nini huko mbele?"

"Kuku," nikajibu.

Nikavuta tena, nikakanyaga tena. Shangazi akauliza. Nikasema mbuzi. Mara ya tatu nikasema kuku tena, na hapo Athieno, ambaye alikuwa anatazama barabara ileile ninayoitazama mimi, nyeupe, tupu, haina hata mjusi, akageuka akaniangalia kwa namna ambayo sijawahi kuangaliwa. Akaniuliza polepole kama nina homa. Nikamwambia atulie, najaza tangi. Alishika mlango kwa mikono miwili.

Kumbukeni breki zenyewe ni za gari kubwa, zimefungwa kwenye gari ambalo ukiliegemea linasogea. Mwanzoni zilikuwa baridi, zinashika kwa aibu, na ndiyo maana kitenge kilivimba tu. Kadiri nilivyozikanyaga ndivyo zilivyopata moto, na kadiri zilivyopata moto ndivyo zilivyozidi kushika, mpaka ukigusa tu kwa ncha ya kiatu, pua ya gari inabusu ardhi na matako yanapanda juu. Harufu nayo ikaanza, kama mtu anachoma kiatu cha raba. Nikafungua madirisha. Nyuma wakaanza kusali.

Kanisa lao liko chini ya mteremko. Tulipotokea juu nikaona wote wako nje wanatusubiri: kwaya imevaa majoho ya bluu, ngoma zimeanza, akina mama wamejipanga pande mbili za lango wakipunga matawi, mchungaji katikati. Na mimi nikaona kitu kingine ambacho hakuna mwingine aliyekiona, nikaona mteremko. Mteremko mrefu namna ile, kwa hesabu zangu, ulikuwa na petroli ya kunirudisha mpaka Busia na ya kesho. Nikauacha utiririke. Gari likachukua mbio zake lenyewe, upepo unaingia, akina mama wakaanza kupiga vigelegele wakidhani ni mbwembwe, na tulipofika chini, bado mbali kidogo na watu (sikuwa mwendawazimu kiasi hicho), nikakanyaga breki kwa mguu wote.

Sina neno la kueleza jinsi lile gari lilivyosimama. Mimi mkanda ulinikata pumzi. Athieno mkanda ulimshika. Shangazi alikwama kwenye mgongo wa kiti changu, nikasikia kiti kikilia. Lakini mama, aliyekuwa katikati, mbele yake hakukuwa na kiti, kulikuwa na kitenge tu, na kitenge si ukuta. Vishikizo vyote viwili viling'oka. Alikuja amefungwa ndani ya kile kitenge, mzima mzima, akapita kati ya viti, na kwa sababu mtu anayeanguka hushika chochote kilicho karibu, alishika shingo yangu kwa mikono yote miwili, shavu lake likatua kwenye shavu langu, na kilemba chake kikaendelea na safari mpaka kwenye usukani.

Ngoma zilikoma. Madirisha yalikuwa wazi, niliyafungua mwenyewe. Kwaya ilikuwa inatazama ndani ya gari kutoka kushoto na akina mama kutoka kulia, na mimi na mama mkwe wangu tumekumbatiana, hatujui nani aachie kwanza. Yeye aliachia kwanza. Alirudi nyuma polepole, akajifunika uso na kile kitenge.

Mngedhani yameisha. Magurudumu ya mbele yakaanza kufuka moshi. Mtu mmoja wa kwaya, kwa nia njema kabisa, akachukua ndoo ya maji ya kunawa mikono akaimwaga kwenye gurudumu, na diski yangu iliyokuwa nyekundu kama kaa la jiko ikalia paa, ikapasuka, mlio ukaenda mpaka kwenye mwamba ukarudi. Watoto wa shule ya Jumapili wakakimbia. Nikajaribu kuwasha gari nilisogeze, likakohoa, likakohoa tena, likanyamaza. Petroli ilikuwa imekwisha. Wakalisukuma waumini, na majoho yao, mpaka kando ya choo.

Mama alisimikwa. Nasikia alisimama vizuri, na hotuba aliitoa vizuri, kilemba kimekaa upande kidogo tu. Mimi nasikia kwa sababu sikuwa ndani, niliwekwa chini ya turubai nje, peke yangu, na sahani ya karanga ambayo hakuna mtu aliyekuja kula nami.

Ibada ilipokwisha walinijia. Shangazi, na baba mdogo wa Athieno, mzee mpole anayeongea kwa sauti ya chini mpaka unamwinamia, na Athieno amesimama nyuma yao anatazama viatu vyake. Mama hakuweza kukaa nasi, si baada ya lile lililotokea. Alikaa kwenye chumba cha mchungaji, na dirisha la chumba hicho lilikuwa hatua chache tu kutoka kwenye turubai, pazia limeshushwa. Shangazi hakuzunguka. Alisema la kugusana lenyewe lina dawa yake: nitaleta kitenge kipya na kuku, mchungaji ataomba, litafutwa. Lakini kuna la pili, na hilo ndilo linaamua kama Jumamosi ng'ombe wanakuja au hawaji.

"Sisi natoa mutoto kwa mutu," alisema. "Tunataka kujua ni mutu gani. Gari ilikuwa naruka kama mbuzi nafungwa kamba. Kuku wewe nasema, mimi natoa kichwa dirishani, kuku hakuna. Mbuzi hakuna. Sasa wewe nakunywa, ama uko na ile ugonjwa ya kuanguka?"

Baba mdogo akaniomba kwa upole nipumue. Nikapumua. Akafikiri, akaniomba nipumue tena. Akasema hasikii pombe, na alivyosema niliona kwamba hilo ndilo limewatia hofu zaidi, kwa sababu ulevi mtu huacha, lakini kifafa hakiachwi, wangempa vipi binti yao mtu mwenye kifafa na usukani? Shangazi akaanza kusema kwamba labda ng'ombe wabaki kwanza kwao Busia, watu waulize ulize. Athieno aliinua macho. Hakulia, si mtu wa kulia, lakini alikuwa anaing'ata ile ncha ya leso kama anavyofanya akiharibikiwa na unga.

Basi nilikuwa na njia mbili. Ningeweza kusema nilikunywa, wangenitoza faini, wangenionya, na Jumamosi ingebaki palepale. Walevi wameoa tangu dunia iumbwe. Au ningesema ukweli, mbele ya Athieno, aliyekuwa akiwaambia watu wote wa Kiyeyi kwamba anaolewa na mtu aliyesoma. Nilifungua mdomo niseme nilikunywa. Nikamwangalia, nikashindwa.

Nikasema ukweli wote. Nikaanza na Injinia na matundu ya diski, nikaenda kwenye nishati isiyopotea, nikaeleza mshale unaopanda ukikanyaga (ni petroli tu inayoyumba ndani ya tangi, nilikuja kuambiwa baadaye), kitaa cha chungwa, mteremko na petroli niliyoiona ndani ya mteremko. Nilieleza vizuri, nadhani, maana baba mdogo alikuwa anaitikia kwa kichwa kana kwamba yuko darasani. Nilipomaliza hakuna aliyecheka. Shangazi alimwomba Athieno amtafsirie kwa Dhopadhola, akihofu kwamba Kiswahili kimemwacha mahali. Athieno akatafsiri. Shangazi akasema arudie. Akarudia, na alipofika kwenye petroli kurudi kwenye tangi, sauti yake ilianza kuteleza, akajiziba mdomo na leso, mabega yanatikisika, na mimi mpaka leo simlaumu.

Halafu nyuma ya pazia tukasikia kikohozi. Mama alikuwa amesikia yote. Akamwita Athieno, naye akaenda, wakanong'ona pale dirishani kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko sekondari nzima ya jioni. (Tangu siku hiyo, niwaambie kabisa, sikanyagi breki ila nimeona kitu mbele yangu chenye miguu au magurudumu, zile kalipa nyekundu nimezitoa, na kituo cha mafuta nikikipita bila kuingia moyo unadunda.)

Athieno akarudi, akasimama mbele yangu wima kama mjumbe, kwa sababu maneno ya mama mkwe yanafikishwa jinsi yalivyo, hayapunguzwi.

"Mama anasema Jumamosi mje," alisema. "Anasema mlevi angekataa kwamba amelewa, na mgonjwa angeficha ugonjwa, lakini hakuna mtu duniani anayeweza kukaa akatunga ujinga kama huu, kwa hiyo lazima ni kweli, na mtu anayesema ukweli wa namna hiyo atakaa na mtoto wake vizuri."

Shangazi akashusha pumzi. Mimi nikashukuru kuelekea dirishani, macho chini, kama inavyotakiwa.

"Bado," Athieno akasema. "Anasema pia nikwambie hivi, uelewe leo, usije ukaua watu: breki inasimamisha gari. Petroli inauzwa kituoni."